Tunawafundisha watoto kanuni ya mzingo, hatuwafundishi kupima

MUULIZE mwanafunzi wa darasa la nne katika shule ya msingi jinsi ya kupata mzingo wa mstatili, naye atakujibu bila kusita: jumlisha urefu na upana, kisha zidisha kwa mbili. Mkabidhi kamba na rula, umwombe akupatie mzingo wa chumba anamosomea, na hapo ndipo kigugumizi kinapoanza. Atatafuta namba zilizoandikwa kando ya mchoro. Ukutani hakuna namba.

Pengo hilo kati ya kanuni na mkono linaonekana dogo, na pengine ndiyo sababu halijadiliwi. Kila matokeo ya mitihani yanapotangazwa, mjadala hujikita kwenye asilimia ya ufaulu, na zamani, kabla orodha hizo hazijaachwa kutangazwa, ulijikita kwenye shule kumi bora na kumi za mwisho. Hisabati hutajwa kuwa mgonjwa wa kudumu. Kwa kidato cha nne imekuwa kawaida kusikia kwamba waliofaulu somo hilo hawafiki theluthi moja ya watahiniwa. Viongozi husikitika, wazazi hulaumu walimu, walimu hulaumu idadi ya wanafunzi, kisha mwaka mpya wa masomo unaanza.

Mara chache huulizwa ni wapi hasa mtoto huyo alipoachwa njiani. Hoja ya makala haya ni kwamba wengi huachwa mapema sana, katika madarasa ya tatu na ya nne, pale wanapofundishwa vipimo bila kupima kitu chochote. Athari zake haziishii kwenye karatasi ya mtihani. Zinafika mpaka kwenye kiwanja atakachonunua miaka ishirini baadaye.

Kuna sababu ya kulizungumza jambo hili sasa. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa Januari 2024, ukianza na elimu ya awali, darasa la kwanza, darasa la tatu na kidato cha kwanza kwa mkondo wa amali. Watoto walioingia darasa la tatu mwaka huo ndio waliopangwa kuwa wa kwanza kumaliza elimu ya msingi kwa miaka sita badala ya saba, mwaka 2027. Mwaka wa saba, ambao kwa walimu wengi ulikuwa wa kurudia na kuziba mapengo, unaondoka. Kilichofundishwa vibaya darasa la tatu hakitakuwa na mahali pa kurekebishiwa.

Inasikitisha zaidi kwa kuwa lugha yetu ilikuwa imeshamfanyia mwalimu nusu ya kazi. Neno mzingo halikuletwa na meli. Limo katika ukoo mmoja na zingira na mazingira, yaani kile kinachokuzunguka. Mtoto anaweza kuihisi maana yake hata kabla ya kuelezwa: ni mwendo wa kukizunguka kitu ukingoni mpaka urudi ulikoanzia. Mwanafunzi huyo atakapofika kidato cha kwanza, ambako Sera ya Elimu katika toleo lake la 2023 imekibakiza Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia, atakutana na istilahi isiyomwambia chochote. Kama hakuitumia vizuri fursa ya Kiswahili akiwa mdogo, haitarudi.

Zana nazo zilikuwapo nyumbani. Chukua kanga. Ina mji katikati na pindo linaloufunga pande zote nne. Mtoto akipitisha kidole kwenye ukingo wa nje wa pindo, kutoka kona moja mpaka arejee kona ileile, ameushika mzingo kwa mkono wake. Akitandaza viganja kuifunika kanga yote, anashika kitu kingine kabisa, ambacho baadaye ataambiwa kinaitwa eneo. Kanga yenye urefu wa mita 1.5 na upana wa mita 1.1 ina mzingo wa mita 5.2, na namba hiyo ikija baada ya kidole, mtoto anajua ni namba ya nini. Ikija kabla ya kidole ni namba tu.

Wazee wetu walikuwa na mfumo mzima wa kupima kwa mwili. Shubiri mbili hufanya dhiraa moja, ambayo wengine huiita mkono. Dhiraa mbili hufanya wari. Wari mbili hufanya pima, yaani kiasi cha mikono yote miwili ikinyooshwa. Mpangilio huo ni wa kuzidisha kwa mbili kila hatua, na mtoto wa darasa la pili anauweza bila ubao wala chaki.

Sisemi turudi kwenye shubiri. Thamani yake darasani iko kwenye kasoro yake. Waache watoto wanane wapime dawati moja kwa shubiri zao, mmoja atapata saba, mwingine tisa, na ugomvi utaanza. Ugomvi huo ndio somo. Mtoto aliyebishana na jirani yake kuhusu urefu wa dawati anaelewa kwa nini dunia ilikubaliana kuwa na sentimita, na kwa nini muuza kitambaa mwenye mkono mfupi hakupendwa sokoni. Mtoto aliyeandikiwa ubaoni kwamba sentimita 100 ni sawa na mita 1 amepokea habari tu, kama anavyopokea jina la mji mkuu wa nchi ya mbali.

Kisha ije rula, na hapa walimu wengi hukosea kwa kudhani kuwa rula ni kifaa rahisi. Rula ina mistari na ina nafasi kati ya mistari, na kipimo kiko kwenye nafasi. Mtoto huona mistari. Kwa hiyo huanza kuhesabu mstari wa kwanza kuwa moja, ilhali mstari wa kwanza ni sifuri. Mwingine huanza kupima kwenye alama ya 1, kwa sababu tangu azaliwe amefundishwa kwamba kuhesabu huanza na moja. Penseli ya sentimita 10 ataisoma kuwa sentimita 11, na mwalimu ataweka mkasi mwekundu bila kujua mtoto amepotelea wapi. Ongeza na hali halisi ya rula zetu: moja hutumiwa na watoto wanne, na ncha yake yenye sifuri imeshakatika.

Mtaalamu wa Uswisi, Jean Piaget, aliyetumia sehemu kubwa ya karne iliyopita kuchunguza fikra za watoto, alionyesha jambo ambalo kila mwalimu wa madarasa ya chini anaweza kulihakiki mwenyewe. Weka vijiti viwili vilivyo sawa mbele ya mtoto wa miaka mitano au sita, akubali kuwa ni sawa, kisha usogeze kimoja mbele kidogo. Watoto wengi wa umri huo watasema kilichosogezwa sasa ni kirefu zaidi. Si ujinga. Wanatazama ncha moja na kuisahau nyingine, na uelewa huo hukomaa kwa kushika, kusogeza na kulinganisha. Ukimbebesha mtoto kanuni ya mzingo kabla hajashawishika kwamba urefu haubadiliki kwa kusogezwa, umempa wimbo wa kukariri.

Na kweli huimbwa. Tatizo la wimbo huo hujitokeza pale swali linapobadilika kidogo. Michoro ya vitabuni na kwenye karatasi za majaribio ina tabia moja: vipimo vyote vimeandikwa, na mchoro wenyewe haulingani na vipimo hivyo. Mstatili wa sentimita 12 kwa 7 huchorwa kwa ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Mtoto hujifunza haraka kuwa macho hayana kazi hapa na kwamba mzingo ni kujumlisha namba zote anazoziona. Mpe mstatili ulioandikwa pande mbili tu, atajumlisha 12 na 7 apate 19, wakati jibu ni 38. Mpe umbo lenye mstari uliokatiza katikati na namba juu yake, naye ataujumlisha mstari huo pia, ingawa hakuna anayezunguka shamba kwa kupita katikati yake. Aliyewahi kusahihisha madaftari ya Hisabati anayajua makosa haya kama anavyoijua njia ya kwenda nyumbani.

Hapa ndipo suala hili linapotoka darasani.

Ardhi katika nchi hii huuzwa kwa vipimo ambavyo mnunuzi wa kawaida anapaswa kuvihakiki mwenyewe, kwani sehemu kubwa ya viwanja vya pembezoni mwa miji hununuliwa kabla mpimaji wa serikali hajafika. Pembezoni mwa Dar es Salaam, tuseme Chanika au upande wa Kisarawe, lugha ya soko ni moja: ishirini kwa ishirini. Maana yake ni kiwanja cha mita 20 kila upande, chenye eneo la mita za mraba 400 na mzingo wa mita 80. Muuzaji hutembea, dalali huhesabu, mashahidi hutia sahihi.

Sasa chukua kiwanja cha mita 25 kwa 15. Ukikizunguka utapata mita 80 zilezile. Eneo lake ni mita za mraba 375. Cha mita 30 kwa 10 nacho kina mzingo wa mita 80, lakini eneo lake ni 300 tu, robo nzima imetoweka. Mnunuzi aliyefundishwa kwamba kuzunguka ndiko kupima, na ambaye hakuwahi kuona maumbo mawili yenye mzingo sawa na maeneo tofauti, ataambiwa kuwa jumla ya pande zote ni 80, sawasawa na ishirini kwa ishirini, naye atalipa.

Kuna mtego mwingine ulio mwepesi zaidi. Kiwanja cha ishirini kwa ishirini kikimegwa kona moja ya mita 5 kwa 5, labda ili jirani apate njia, mzingo wake haupungui hata sentimita. Pande mbili mpya zilizoingia ndani zinafidia zile mbili zilizoondolewa. Bado ni mita 80, ilhali mita za mraba 25 zimekwenda. Somo hili linaweza kufundishwa darasa la nne kwa mkasi na karatasi kuukuu ya daftari katika muda wa dakika kumi, na watoto hushangaa kwelikweli wanapopima na kukuta mzingo umebaki palepale.

Hata kiwanja ambacho kila upande una mita 20 kamili kinaweza kukupunja, kikiwa kimelala upande. Kama kona mbili zinazotazamana zimesogeleana mpaka umbali kati yao ukawa mita 20, eneo halifiki hata mita za mraba 350. Mafundi ujenzi wanalijua hili, ndiyo maana hawaanzi kuchimba msingi kabla ya kuhakikisha kona kwa kamba ya tatu, nne na tano, na kupima kona kwa kona kuona kama mishazari miwili inalingana. Fundi huyo huenda aliishia darasa la saba, na huenda somo la mzingo halikumkaa shuleni. Alilipata akiwa na kamba mkononi.

Vijijini kipimo ni heka, na kanuni yake ni hatua 70 kwa 70. Nimewahi kusikia wasomi wakiicheka kanuni hiyo kuwa ni ya kubahatisha. Si ya kubahatisha hata kidogo. Hatua ndefu ya mtu mzima hukaribia wari moja. Ekari moja ni wari za mraba 4,840, na 70 mara 70 ni 4,900. Tofauti ni wari 60 tu. Mkulima aliyebuni au kurithi kipimo hicho alikuwa na hisabati nzuri kuliko mcheka wake.

Hatari ni pale hatua zinapojumlishwa. Shamba la hatua 70 kwa 70 lina mzingo wa hatua 280. La hatua 120 kwa 20 lina mzingo huohuo wa 280, na eneo la hatua za mraba 2,400, pungufu ya nusu heka. Fikiria ndugu wawili wanaogawana shamba la marehemu baba yao, mmoja akipewa kipande cha mraba na mwingine ukanda mrefu kandokando ya barabara, na msuluhishi akiwaonyesha kwamba wote wamezunguka hatua 280. Aliyepunjwa atakuwa na kinyongo asichoweza kukieleza. Anaona mavuno hayalingani, lakini hesabu aliyofundishwa inamwambia kuwa amepewa sawa na mwenzake. Mabaraza ya ardhi yaliyoundwa kwa Sheria ya mwaka 2002 yana kazi nyingi, na sidai kuwa chanzo cha migogoro yote ni hesabu. Nadai tu kwamba mtu asiyeweza kupima hana namna ya kujua kama ameonewa.

Tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, na baadaye Mkurabita ulioanza mwaka 2004, serikali imekuwa ikihimiza wananchi wapimiwe mashamba na kupewa hati za kimila. Vijiji kadhaa mkoani Iringa vimepimwa hata kwa simu za mkononi zinazopokea mawimbi ya setilaiti. Ni hatua ya kupongezwa, lakini mashine ikishatoa namba, mwenye shamba anapaswa kuielewa. Nyaraka nyingi za serikali huzungumza kwa hekta, watu huzungumza kwa heka, na maneno hayo mawili yanafanana kiasi cha kumpoteza mtu. Hekta moja ni ekari mbili na nusu kasoro kidogo, yaani 2.47. Atakayedhani amepewa heka nne kwa sababu karatasi imeandikwa nne atauza mali nyingi kwa bei ndogo, na mwenye kununua huenda asimwambie.

Hatukuwa hivi siku zote. Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shule zilitakiwa kuwa na mashamba, na shamba la shule lilikuwa darasa la vipimo hata pale ambapo hakuna aliyeliita hivyo. Ili kupanda mahindi kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mstari na mstari na sentimita 30 kati ya mche na mche, ilibidi mtu akate kijiti cha urefu fulani, afunge mafundo kwenye kamba, na watoto waivute kutoka kichwa cha shamba mpaka mwisho. Aliyekosea kuvuta kamba aliona kosa lake wiki mbili baadaye, mahindi yalipoota yakiwa yamepinda.

Utaratibu huo ulikuwa na maovu yake. Kuna shule zilizogeuza watoto kuwa vibarua, na wazazi waliolalamika walikuwa na haki. Lakini tulipouacha, tuliitupa kamba pamoja na jembe. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002 baada ya ada kufutwa, ulijaza madarasa, na elimu bila ada ya mwaka 2016 ikayajaza zaidi. Hayo ni mafanikio, kwani mtoto aliye nje ya shule hajifunzi mzingo wa aina yoyote. Ila somo la vipimo lilirudi ndani ya kuta nne, likabaki kuwa la kunakili.

Mtaala wa mwaka 2005 ulizungumzia kujenga umahiri, na huu wa sasa unalirudia neno hilo kwa mkazo. Kwenye karatasi hakuna ubaya. Kwa upande mwingine, tathmini za Uwezo zilizoanza mwaka 2010, ambazo zilitushtua kwa kuonyesha watoto wengi wa darasa la tatu wakishindwa hesabu za darasa la pili, zilipima kutambua namba, kulinganisha, kujumlisha, kutoa na kuzidisha. Hazikumtaka mtoto apime kitu. Siwalaumu waliozibuni; walilazimika kuchagua machache yanayoweza kuulizwa mlangoni mwa nyumba. Lakini matokeo yake ni kwamba taifa linajua, angalau kwa kukadiria, ni watoto wangapi hawawezi kutoa 17 kwenye 42. Idadi ya wale ambao hawawezi kupima upana wa mlango haimo kwenye mjadala.

Najua mwalimu atasema nini akisoma haya. Ana wanafunzi zaidi ya mia moja, kipindi cha dakika 40, azimio la kazi linalomtaka amalize mada wiki hii, na mthibiti ubora atakayekuja kukagua andalio la somo. Akiwatoa nje watoto mia moja, nusu watapotelea kwenye miembe. Ni hoja nzito, na anayeipuuza hajawahi kusimama mbele ya darasa la namna hiyo. Msongamano ni tatizo la serikali kutatua, si la mwalimu kuvumilia.

Hata hivyo, katika mada zote za Hisabati, hii ndiyo inayohitaji ukuta kidogo kuliko zote. Shule nyingi zina uwanja wa mpira wa pete, hata kama ni mistari ya majivu tu. Uwanja kamili una urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25, hivyo mzingo wake ni mita 91.5. Kamba ya katani ya mita 10 yenye fundo kila mita hutengenezwa na watoto wenyewe kwa asubuhi moja, na kundi la watoto wanane kwa kila kamba linatosha. Wenye zamu wapime, wengine wakadirie kwa hatua na kuandika. Kundi moja litarudi na 90, jingine 93, jingine 88. Badala ya kutangaza jibu sahihi, mwalimu aulize kwa nini majibu yametofautiana: nani hakuivuta kamba ikanyooka, nani alianzia kwenye fundo la kwanza badala ya ncha. Kile kilichokuwa kosa la rula kimejitokeza tena, safari hii kikiwa kikubwa cha kuonekana na wote.

Kosa hilohilo lina bei hata kwenye uzio. Mtu anayetaka kuzungushia kiwanja cha ishirini kwa ishirini seng'enge, akiweka nguzo kila mita 2, hugundua kwamba upande mmoja una nguzo 11. Akizidisha kwa nne ananunua nguzo 44. Zinazohitajika ni 40, kwa kuwa kila nguzo ya kona imehesabiwa mara mbili. Mlinganisho huu wa nguzo na nafasi ni uleule wa mistari na nafasi kwenye rula ya darasa la tatu, na muuza mbao hatamkumbusha.

Kuhusu gharama, hapa hakuna udhuru mkubwa. Ruzuku ya uendeshaji wa shule za msingi iliwekwa tangu enzi za MMEM kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kila mkuu wa shule anajua jinsi fedha hiyo inavyochelewa na inavyobanwa na chaki, karatasi za majaribio na ukarabati. Lakini kamba si maabara. Tepu ya fundi cherehani haihitaji zabuni. Tulihesabu madawati kwa kampeni ya nchi nzima mwaka 2016, tukahesabu madarasa 15,000 yaliyojengwa kwa mkopo wa UVIKO-19 kuanzia mwaka 2021, na vyote viwili vilihitajika. Sijawahi kusikia halmashauri ikiulizwa ina rula ngapi zenye sifuri.

Vyuo vya ualimu navyo vina sehemu yao. Mwalimu tarajali hufundishwa kutengeneza zana za kufundishia, na wengi hutengeneza chati nzuri za rangi zenye mistatili iliyokwisha kuandikwa vipimo. Chati hizo hupata alama nyingi kwenye mazoezi ya kufundisha. Mwalimu tarajali aliyeingia darasani na kamba yenye mafundo na kopo la majivu apewe angalau alama sawa na aliyekuja na chati.

Jambo litakalobadilisha mambo kwa haraka zaidi, kwa maoni yangu, ni Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne. Walimu hufundisha kile kinachoulizwa, na ni haki yao, maana ndicho wanachohukumiwa nacho. Liwemo swali moja tu kila mwaka linalomtaka mtoto apime umbo lililochapwa kwenye karatasi yenyewe, lisilo na namba yoyote, kisha aandike mzingo wake. Swali hilo moja litapeleka rula kwenye madarasa mengi kuliko waraka wowote wa wizara.

Watakaopinga watasema karatasi zikidurufiwa kwa ajili ya mazoezi wilayani, mchoro hupungua au hukua, hivyo jibu hubadilika. Na kwamba watoto wengi hawana rula. Pingamizi zote mbili zina dawa moja. Ukanda wa sentimita 15 uchapwe ukingoni mwa karatasi hiyohiyo, mtoto aukate au aukunje na kuutumia. Mashine ya kudurufu ikiupunguza mchoro itaupunguza na ukanda kwa kiasi kilekile, na jibu litabaki palepale. Kinachoongezeka kwenye bajeti ni wino wa mistari kumi na sita, ikianzia kwenye sifuri.